Donati Hakuteleza

Nyie mlioingia genge la njia mwaka huu, kabla hamjaanza kunicheka, ngoja nianze mwenyewe. Nimefanya kazi ya reli hadi nywele zikaniacha, na reli yenyewe sijawahi kuifikia mwisho. Dar es Salaam nimekwenda mara mbili, na mara zote mbili nilirudi na treni ya kwanza niliyoipata. Upande wa Zambia nausikia redioni. Waliponihamishia Mlimba nilikaa wiki tatu, nikaugua ugonjwa ambao mganga wa zahanati hakuuona kabisa. Uliisha siku niliposhuka Ifakara nikanusa moshi wa jiko la mke wangu.

Wenzangu waliomba kazi ya reli kwa sababu inakwenda mbali. Mimi niliiomba kwa sababu inapita karibu na kwetu.

Jina langu la kazini ni Karani. Sikuwahi kuwa karani wa mtu. Nilikuwa fundi njia kama nyie, nyundo na sururu, ila nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na mwandiko wa kupendeza, na katika genge letu kila karatasi iliyotakiwa kupanda ofisini ilipitia kwangu. Huo mwandiko mzuri ndio ulionifanya niwaandikie leo.

Alikuja nyumbani Rehema, yule binti wa ofisini stesheni mnayemjua. Kamati yenu inaandaa orodha ya wafanyakazi wa njia waliokufa kazini wakati wa vita vya Kagera, isomwe pale stesheni mbele ya familia zao. Jambo zuri. Askari wana mnara wao. Sisi hata kibao hatuna.

"Shikamoo, Mzee Karani."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunisalimia au umesikia harufu ya kambale?"

"Nimekuja kikazi, Mzee."

"Basi fanya kazi ukiwa umekaa. Vuta kigoda."

Akanisomea majina. Alipofika kwa Donati, mwenzangu wa genge, akapitisha kalamu juu ya jina. "Huyu tumeona tumwache."

"Kwa nini?"

"Faili linasema aliteleza kwa kutokuwa makini. Kamati imesema waliokufa kwa uzembe wao wasichanganywe na waliojitoa. Familia zingine zitalalamika."

"Na aliyeandika faili ni nani?"

"Halina jina, kuna alama ya nyapara tu. Lakini mwandiko mzuri, Mzee! Kama wa kitabuni."

Kambale wangu alipoa siku ile. Nilimwomba Rehema anipe wiki moja asifunge orodha. Akaniuliza ya nini, nikamwambia nina kazi niliyoiacha katikati. Hii ndiyo hiyo kazi. Someni hadi mwisho, kwa sababu ninachotaka ni jina la Donati lirudi, na halirudi bila mimi kusema.

Lakini nikianza na Donati hamtaelewa. Nyie siku hizi mna jeki, mna kiberenge chenye winchi, na kwa jinsi watu wanavyopunguzwa kazi, genge zima linaenea kwenye benchi moja. Reli mnaivuta kwa mashine. Zamani zetu reli ilibebwa na watu. Mnajipanga huku na huku, kila wawili na koleo moja kubwa, mnauma chuma, mnanyanyua. Chuma hicho ni kirefu kuliko nyumba yangu na kizito kuliko ng'ombe. Mtu mmoja akinyanyua kabla ya wenzake, uzito wote unamjia yeye. Mmoja akiachia kabla ya wenzake, unawaendea wengine. Ndiyo maana kulikuwa na mwimbishaji.

Mwimbishaji hashiki koleo. Anasimama kando, anatupa mstari, genge linaitikia "Hee!", na kwenye ile "Hee" ndipo mwili unafanya kazi. Hee, nyanyua. Hee, hatua. Hee, hatua. Hee, shusha. Bila kuitikia kwa pamoja hakuna kunyanyua kwa pamoja, na mliosoma sana msijidanganye kwamba kuhesabu moja mbili tatu kunatosha. Kuhesabu ni kwa kichwa. Miguu inataka wimbo.

Wa kwetu aliitwa Mabula, Msukuma mfupi mwenye sauti ya tarumbeta, aliyeteremka bondeni na ng'ombe wake, ng'ombe wakafa kwa ndorobo, yeye akabaki. Mabula ndiye aliyenifundisha kazi. Fundi wa Kichina alikuwepo pia mwanzoni, mtu mwema, Kiswahili chake kilikuwa maneno matatu: "polepole", "hapana" na "tena". Kwangu mimi alitumia zaidi la mwisho. Lakini Mabula alifundisha kwa matusi, na matusi hukaa.

"We Karani, hiyo bolti unaigonga au unaibembeleza?"

"Naigonga, Kaka."

"Umesikia nini?"

"Ngo."

"Ngo ni ya ngoma! Iliyokaza inasema nge. Rudia, au nikupeleke ukafunge mizigo ya bibi zako."

Nilijifunza nge na ngo hadi leo naweza kukagua reli nikiwa nimefumba macho. Alinifundisha pia kwamba baada ya mafuriko usitazame maji yaliyo kando ya tuta, tazama kati ya mataruma yaliyobeba reli, treni inapopita. Kokoto zikitapika tope, tuta limeoza ndani, hata kama kwa nje linavutia. Na saa za jua kali usifungue kiungo cha reli, chuma kinakuwa kimevimba, ukikifungua hakirudi mahali pake mpaka jioni. Yaandikeni hayo, hamtayakuta kwenye semina.

Na lipo jingine. Wakati wa kushindilia kokoto, Mabula aliimba upuuzi wa kila aina. Alituimba wake zetu, vitambi vyetu, mimi na kitanda changu. Tulicheka hadi sururu zikapotea njia. Lakini reli ikiwa mikononi aliimba mistari mitupu kabisa: jua, mto, njia, Chita, Ifakara. Nikamuuliza kwa nini utani wake unaisha hapo.

"Anayecheka hawezi kuitikia," akasema. "Chuma kikiwa juu hakuna utani. Na wewe hasa nakujua, mdomo wako hauna breki."

Vita vilipoanza walikuja kuandikisha watu wa kujitolea. Asubuhi ile tumbo lilinikamata. Msicheke, au chekeni, mimi mwenyewe nilicheka baadaye. Nililala na kanga ya mke wangu kiunoni nikimsikiliza Mabula akipita barabarani na wenzake wawili wa genge wakiimba kwenda kujiandikisha. Akapaza sauti kwenye dirisha langu: "Karani! Ukipona utulindie reli!" Wenzake wakaangua kicheko. Mabula hakurudi. Jina lake limo kwenye mnara wa askari, na anastahili.

Sisi tuliobaki tulipewa kazi ya watu wengi tukiwa wachache. Treni ziliongezeka: askari, unga, mafuta, vitu vilivyofunikwa turubai ambavyo tuliambiwa tusiviulize. Masika nayo ikaingia. Nyapara wetu, Mzee Benedikti, mtu mnyamavu mwenye rozari mfukoni, alitupitisha siku kumi na moja bila mapumziko, tukila mihogo ya kuchemsha tumesimama. Wapo waliokufa kwa malaria wakiwa bado na sururu, mmoja alichukuliwa na maji ya mto Kilombero akikagua daraja dogo. Hao Rehema anao kwenye orodha, sina haja ya kuwarudia.

Mwimbishaji nikawa mimi. Mabula alikuwa ameondoka, wenzangu walikuwa na nguvu kuliko mimi, na kumtoa mwenye nguvu kwenye koleo ilikuwa hasara. Donati ndiye aliyependekeza. "Karani hata kubeba mtoto anapumzika njiani," akasema. "Mwacheni aimbe."

Donati alikuwa Mndamba wa Michenga, mrefu, mabega kama mlango wa kanisa. Alikuwa mtani wangu kwa kuchaguana tu, hakuna ukoo uliotupangia. Alinitania kwa uvivu, nilimtania kwa kumwogopa mkewe. Mtu wa mwili ule, ikifika saa kumi anatazama jua na kusema, "Jamani, mama Filomena atanitafuta." Filomena ni binti yao wa kwanza. Donati alikuwa anapenda nyumbani kama mimi. Tofauti ni kwamba yeye alipokuwa kazini alikuwa kazini.

Siku yenyewe maji yalikuwa yamekata tuta upande wa kwenda Chita. Tangu alfajiri tulijaza mawe, tukarudisha mataruma, na saa saba hivi ikabaki reli moja iliyopinda, ya kuondolewa na kuwekwa nyingine. Mvua ilikuwa haijakata. Nyapara akarudi kutoka kwenye simu ya njia.

"Treni ya vijana wa kambi ya jeshi ya Chita iko pale stesheni tangu asubuhi," akasema. "Wamekaa ndani ya mabehewa. Wanatakiwa kesho Dar es Salaam, halafu huko mbele. Wanatungoja sisi."

Wenzangu wakajipanga. Walikuwa wanane kwenye makoleo, mahali pa watu kumi na mbili. Reli ya akiba ilikuwa imelala chini ya tuta, na ilibidi ipandishwe kwenye mteremko wa tope. Donati alishika mwisho wa chini, ambako uzito unakaa. Hakuambiwa, alikwenda mwenyewe.

Nikaimba. Jua, mto, njia. "Hee" ya kwanza ilitoka vizuri. Ya tano ilikuwa kama mtu anayejibu akiwa usingizini. Walikuwa wamechoka kuliko nilivyowahi kuwaona, midomo imekuwa ya kijivu, na mimi niliyesimama bure niliona aibu. Niliona sauti zinakufa nikaogopa kwamba wakinyamaza watamwaga chuma. Nikataka kuwaamsha. Nikafanya kile ninachokijua.

"Donati haogopi mamba!"

"Hee!"

Ikatoka kwa nguvu! Wakapanda hatua. Nikafurahi, nawaambia ukweli, nilijiona Mabula mdogo.

"Donati haogopi kiboko!"

"Hee!"

Hatua nyingine. Reli imefika juu ya bega la tuta, imebaki kushushwa.

"Anaogopa mwiko wa mama Filomena!"

Haikutoka "Hee". Walicheka. Wote wanane, kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi na moja, na wa kwanza kucheka alikuwa Donati, nilimwona kichwa kikirudi nyuma. Wa mbele wakaachia, wa kati wakashika, mwisho wa chini ukabaki na chuma chote. Kikazunguka, kikamsukuma chini ya mteremko, kikamlalia tumboni.

Tulikitoa. Sijui tulikitoaje, hata mimi nilishika. Akapumua mara tatu au nne. Hakusema neno, kwa hiyo akija mtu na maneno ya mwisho ya Donati mjue anatunga.

Nyapara Benedikti akamfumba macho, akavua koti lake la mvua akamfunika, akaweka mawe mawili kwenye pindo lisipeperuke. Halafu akasimama akatutazama.

"Vijana wanangoja," akasema.

"Nyapara, tumpeleke kwanza kwao," mmoja akasema.

"Tutampeleka. Kiberenge kipo. Lakini treni ile ikingoja hadi kesho, hatukufanya kitu hapa, na yeye hakufanya kitu."

Tukaiweka ile reli. Watu saba, nami wa nane, kwenye koleo lake. Hakuna aliyeimba. Nyapara alikuwa anagonga nyundo kwenye reli ya upande wa pili, ngo, ngo, na sisi tunafuata. Ilituchukua muda mara tatu ya kawaida. Tulipokaza bolti ya mwisho akapiga simu, tukasimama kando na bendera ya kijani.

Treni ilikuja polepole sana. Ilikuwa imejaa vijana wa rika lenu, wanaimba, wanagonga ubavu wa mabehewa. Walitupungia mikono. Mmoja akapaza sauti, "Asanteni wazee wa reli!" Tulikuwa na miaka thelathini. Tukawapungia. Lile koti la mvua lilikuwa hatua chache nyuma yetu kwenye majani, na nadhani hakuna aliyeliona. Nikatazama kati ya mataruma, kama nilivyofundishwa. Hakuna tope. Tuta limeshika. Kazi ilikuwa nzuri.

Jioni nyapara akanipa karatasi. Yeye aliandika kama kuku anayetafuta mchele, alijua hivyo mwenyewe. "Andika ulivyoona," akasema, akaenda kusali.

Nikaandika: "Marehemu aliteleza kwenye tope kwa kutokuwa makini." Maneno machache tu. Nilifikiria kuishia kwenye tope. Kisha nikaona tope peke yake wataniuliza maswali, mbona wengine hawakuteleza, na nikaongeza mengine kufunga mlango. Nyapara akaweka alama yake bila kusoma. Wale saba hawakusema chochote, siku ile wala baadaye. Nadhani kila mmoja alikumbuka kwamba alicheka.

Msibani Michenga watu walinitazama mimi. Mnajua kazi ya mtani kwenye matanga: amwigize marehemu, awachekeshe wafiwa, alale kaburini akatae kutoka mpaka apewe chochote. Waliningoja. Nikasema kichwa kinauma. Mama Filomena alimwambia shemeji yake, nikamsikia, "Mwacheni, alimpenda sana." Nilitamani lile kaburi lenyewe.

Tangu hapo, kila nikikutana na mama yule sokoni Ifakara, nilitania kila mtu isipokuwa yeye.

Sasa basi. Wiki iliyopita, baada ya Rehema kuondoka, nilipanda baiskeli hadi Michenga. Kwa mtu kama mimi hiyo ni safari ya ng'ambo. Nilimkuta mama Filomena nje anapepeta mchele. Amezeeka, lakini ungo bado unamtii.

"Karibu, Shemeji. Leo umetoka nyumbani? Kuna nini, nyumba imeungua?"

"Haijaungua, Shemeji. Nimekuja na neno."

"Kaa useme."

Nikasema. Nilisema nikiwa natazama miguu yangu. Orodha, faili, mwandiko, treni ya Chita, wimbo. Sikuweka tope hata kidogo. Nilipomaliza ungo ulikuwa umesimama.

"Kwa hiyo hakuteleza," akasema.

"Hakuteleza."

"Karani." Hajawahi kuniita hivyo, siku zote ni Shemeji. "Unajua nimelea watoto watano na neno lako? Filomena akivunja chungu, namwambia mzembe kama baba yako. Yule mdogo akishindwa mtihani, unataka kufa kama baba yako? Hata mmoja sikumruhusu aombe kazi ya reli, nikisema ukoo huu hauna umakini. Mwanangu wa tatu amekua anaona aibu kutaja jina la baba yake. Unajua?"

"Nilikuwa sijui."

"Ungejuaje? Umekaa kwako."

Ni kweli nilikaa.

Akapepeta kidogo, akaacha tena. "Hebu niambie ulichoimba. Maneno yenyewe."

"Shemeji, hapana."

"Uliweza kuwaimbia wanaume wanane, ushindwe na mimi mmoja? Sema."

Nikasema. Mamba, kiboko, mwiko. Nilisema polepole, bila wimbo, na huko Michenga mchana kweupe, mbele ya mchele, hakukuwa na kitu cha kuchekesha ndani yake.

Aliinamisha kichwa. Mabega yake yakatikisika na sikujua anacheka au analia, sikuthubutu kumtazama usoni. Alipoinua uso ulikuwa mkavu.

"Na yeye alicheka?"

"Alikuwa wa kwanza."

Kisha akaokota chuya moja kwenye ungo, akaitupa.

"Nenda kaandike," akasema. "Nikisikia limesomwa stesheni, na wanangu wamesikia, basi. Ila hapa kwangu usirudi. Sikutukani, lakini usirudi."

"Nimesikia, Shemeji."

Nikaokota baiskeli. Nilikuwa nimefika kwenye mnazi wa jirani aliponiita kwa sauti. Nikageuka.

"Na uandike kwamba mimi sikuwahi kumpiga!"

Haya, Rehema. Hii ni ya faili, ibandike juu ya ile ya zamani, utaona mwandiko ni uleule. Donati wa Michenga, fundi njia, alifariki kazini upande wa kwenda Chita akipandisha reli ili treni ya vijana ipite wakati wa vita, naye alikuwa ameshika mwisho wenye uzito. Hakuteleza. Alikuwa makini. Reli ilimwangukia kwa sababu mimi niliyekuwa naongoza wimbo niliwachekesha watu chuma kikiwa juu, kinyume na nilivyofundishwa. Na mkewe hakuwahi kumpiga.